Zamu za Usiku Bunagana

Mtoto akifika miezi minne hivi, usingizi wake hubadilika. Zile wiki za mwanzo alikuwa analala popote, usiku na mchana kwake mamoja. Sasa usingizi unamjia kwa vipande, mara mwepesi, mara mzito, na kila kipande kikiisha anashtuka na kumtafuta mama. Hilo ni jambo la mwili na limekuwapo tangu zamani. Lililobadilika hapa Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda, katika miaka mia moja na ushee, ni nani anayeamka pamoja naye.

Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni hati za malori yanayotoka Mombasa na Kampala kupitia Kisoro, yakielekea Rutshuru na Goma. Mwanamume wa kazi hii hatarajiwi kuandika habari za watoto wachanga. Lakini ninaye mtoto wa umri huo nyumbani, ninaye mama mkwe mwenye kumbukumbu ndefu, na usiku hatukosi muda wa kuzungumza.

Anavyosimulia yeye, nyumba za wazee wake huku Jomba zilikuwa za nyasi, za mviringo, na moto katikati. Baridi ya chini ya mlima Sabinyo si ya mchezo, na kumlaza mtoto peke yake ilikuwa ni kumtafutia homa ya mapafu. Alilala ngozi kwa ngozi na mama yake, na mchana alibebwa katika ingobyi, ngozi ya kondoo iliyolainishwa kwa siagi. Mama aliyejifungua alikaa ndani kama siku nane, hadi mtoto apewe jina, akinywa uji wa mtama huku wifi zake wakichota maji na kukata kuni. Ng'ambo ya moto alilala bibi, na karibu na bibi alilala msichana wa miaka tisa au kumi, mara nyingi mtoto wa shangazi aliyeletwa kwa kazi hiyo hiyo.

Usiku uliendeshwa kwa zamu, ingawa hakuna aliyeziita zamu. Mtoto akiamka mara ya kwanza, mama alimpa ziwa bila hata kufumbua macho vizuri. Akiamka tena akakataa ziwa, alipitishwa juu ya moto hadi mikononi mwa bibi. Kuelekea alfajiri, bibi naye akichoka, msichana alifungiwa mtoto mgongoni na kutolewa uani.

Mama mkwe bado anaifanya kazi hiyo kama alivyofundishwa, nami nimemtazama kwa karibu. Kwanza anashika nyayo. Zikiwa baridi na tumbo ni gumu, anasema ni nzoka, ugonjwa wa tumbo ambao huku kwetu hubebeshwa karibu kila lawama, na anampaka mafuta ya vuguvugu akizungusha kiganja kukizunguka kitovu. Halafu anainama, anamtupia mtoto mgongoni kwa mkono mmoja, na kumfunga kikwembe: mzunguko mmoja chini ya matako, wa pili mabegani, fundo juu ya kifua. Kichwa cha mtoto lazima kigeuzwe upande ili pua isizibwe. Anatembea akimpigapiga matako polepole, hata kichwa kilegee. Hapo wazazi vijana ndipo tunapoharibu, maana tunakimbilia kumlaza. Yeye huketi kwanza kwenye kigoda, ameinama mbele, mtoto bado yuko mgongoni, na anangoja hadi pumzi ibadilike. Ndipo anafungua fundo na kumshusha, matako kwanza, kichwa mwisho.

Kwamba yale maziwa ya usiku yalikuwa na kazi nyingine, wazee walijua kwa kuona. Waliokuja kuipima kazi hiyo kwa damu na mashine hawakutoka mbali. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti wa Afrika ya Kati, IRSAC, yenye makao makubwa Lwiro, karibu na Bukavu. Mwaka 1977 daktari Pierre Delvoye na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa akina mama wanaonyonyesha hapa hapa Kivu. Walikuta kwamba mama anayenyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku hubaki na prolaktini nyingi mwilini kwa zaidi ya mwaka mzima. Prolaktini ndiyo inayotengeneza maziwa, na ikiwa juu, siku za mwanamke huchelewa kurudi. Usiku hupanda zaidi. Kwa hiyo yule mchanga anayekunyima usingizi alikuwa pia anamchelewesha mdogo wake, na mama alipata miaka miwili au zaidi ya kupumua kabla ya mimba nyingine. Watu wa mashirika ya uzazi wa mpango wanapokuja kufundisha hapa, sijasikia hata mmoja akianzia hapo.

Wakoloni waliliona jambo hilo kwa upande mwingine kabisa. Wabelgiji waliogopa kwamba Kongo haizai vya kutosha, na mashamba na migodi ilitaka watu. Kunyonyesha miaka miwili au mitatu, pamoja na desturi ya mume kujitenga na mke wakati huo, vikaonekana kuwa ni upotevu wa watoto ambao wangezaliwa. Tangu 1912 palikuwa na chama cha wanawake wa Kibelgiji cha kulinda watoto weusi, na kliniki zake zilifuata mfano wa ile "Goutte de lait" iliyoanzishwa na daktari Léon Dufour huko Fécamp, Ufaransa, mwaka 1894: mtoto apimwe uzito, apewe maziwa ya ng'ombe, mama afundishwe. Katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière huko Katanga, kuachisha ziwa mapema na kumpa mtoto chakula cha kampuni ilikuwa siasa kamili. Zilikuwa pia zama za saa ya ukutani. Daktari Truby King wa New Zealand alikuwa ameueneza ulimwenguni ule utaratibu wa kunyonyesha kila baada ya saa nne na kumwacha mtoto usiku bila kitu. Nyumba ya nyasi yenye moto katikati haina saa ya ukutani, na nadhani hilo lilituokoa. Kilichofika hadi kwetu na kubaki ni mizani, ile siku ya kilo ambayo mpaka leo akina mama hupanga foleni, na mawaidha ya muuguzi. Muuguzi mmoja alimwambia mke wangu amwache mtoto alie hadi azoee. Mama mkwe aliuliza azoee nini.

Lakini si wauguzi waliomwachia mama usiku peke yake. Zamu zilivunjwa na mambo mengine, na mpaka wenyewe ulikuwa wa kwanza. Mkataba wa Mei 1910 kati ya Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani uliipeleka Bufumbira Uganda na kuiacha Jomba Kongo. Ukoo mmoja ukawa na serikali mbili. Kwa miaka mingi bibi walivuka kwa njia za mashamba ya maharage, wakaja kukaa na binti aliyejifungua, wakarudi wakati wa kupalilia, na karatasi hawakuulizwa. Mpaka ulikuwa wa kodi tu, na mtoto analia bila kujali kodi. Baadaye zikaja kazi. Tangu 1917 kulikuwa na kilimo cha lazima. Wanaume wengine walikwenda mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda, na mwaka 1925 hifadhi ya Albert, Virunga ya leo, ilichukua ardhi. Kati ya 1937 na 1955 utawala ulipeleka maelfu ya watu kutoka Rwanda hadi Masisi. Aliyehamia kwa mpango wa serikali alihama na mke na watoto. Bibi alibaki nyuma na moto wake.

Vita ndivyo vilivyomaliza. Waasi wa M23 waliingia Bunagana tarehe 6 Julai 2012, jeshi likairudisha tarehe 30 Oktoba 2013, na tarehe 13 Juni 2022 mji ukachukuliwa tena. Kila mara watu walivuka kwenda Kisoro, wakapokewa katika kituo cha Nyakabande, na wengi wakasafirishwa hadi makambi ya mbali kama Nakivale. Anayekimbia gizani na mtoto mgongoni anaogopa kilio kuliko kitu kingine, maana kinamwonyesha mahali alipo. Akina mama wa mtaani kwangu walikimbia ziwa likiwa mdomoni mwa mtoto, kikwembe kimegeuzwa mbele, wakitembea hivyo hadi ng'ambo. Watoto wa namna hiyo wamekua wakiwa wepesi wa kuamka, nami sioni ajabu.

Waliporudi hawakurudi wote. Nyumba ya mabati ina vyumba viwili, mama na baba chumba kimoja, na ng'ambo ya moto hakuna mtu. Pengo hilo limejazwa na vitu vya dukani. Chupa za gripe water, dawa ya tumbo la watoto, huvuka kutoka Kisoro katoni kwa katoni. Dawa hiyo ni ya William Woodward, Mwingereza wa mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe ndani yake, jambo linaloeleza sifa zake kuliko tangazo lolote. Mwenye uwezo anaajiri msichana kutoka vijijini. Ni yule yule mtoto wa shangazi wa zamani, ila huyu ana mshahara, na wengi wao hulala jikoni, mbali na mtoto.

Shemeji wa mke wangu yuko Nakivale na mapacha wa miezi mitano. Mama mkwe humpigia jioni mtandao ukikubali, na swali lake la kwanza si uzito wala chanjo. Anauliza jirani wa hema la pili ni nani, ana umri gani, na kama mgongo wake ni mzima.