Nyumba ya Watawa na Nyumba ya Kumbukumbu

Neno mtawa lilikuwamo katika Kiswahili kabla ya mapadre kufika pwani. Kutawa ni kukaa ndani, kujitenga na macho ya watu. Na watu wa mwambao walilinena hasa juu ya mwanamke wa heshima asiyetokatoka nje. Walimu wa Kanisa walipotafuta jina la wale waliojifunga kwa nadhiri kuishi pamoja kwa sala na kazi, walilitwaa neno hili, nalo likafaa sana. Makumbusho ni neno la siku za baadaye, maana yake mahali penye vitu vya kutukumbusha yaliyopita. Basi nyumba ya watawa ikigeuzwa kuwa makumbusho, maneno haya mawili hugongana: iliyojengwa ili watu wasionekane, hufunguliwa ili kila mtu aitazame.

Ulaya jambo hili limetokea mara nyingi. Huko Florence, katika Italia, iko nyumba ya San Marco, ambayo tangu mwisho wa karne ya 13 ilikuwa ya watawa. Mwaka 1436 walipewa Wadominiko, na tajiri Cosimo de' Medici akalipa gharama za kuijenga upya. Mmoja wao, Fra Angelico, akachora kutani mwa vyumba vyao habari za Bwana wetu, ili kila ndugu awe na picha moja ya kutafakari peke yake. Mwaka 1866 serikali ilivifuta vyama vya watawa na kutwaa mali zao, na mwaka 1869 San Marco ikawa makumbusho. Leo wageni hupita chumba kwa chumba. Picha zingaliko, aliyechorewa picha hayupo.

Kwetu hakuna nyumba ya kale namna ile. Watawa wa Mtakatifu Benedikto walioanza Ndanda mwaka 1906, baada ya misheni yao ya Nyangao kuteketezwa katika Vita vya Maji Maji, wangali wakiishi Ndanda na kusali. Iliyo karibu zaidi na habari hii ni Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika huko mwaka 1868, wakafanya kijiji cha watumwa waliokombolewa. Tarehe 24 Februari 1874 Chuma na Susi na wenzao waliufikisha huko mwili wa Livingstone, nao ukalazwa kanisani kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Nyumba ya masista ya zamani sasa ni makumbusho, na ndani yake mna minyororo ya watumwa. Lakini Bagamoyo si sawa na San Marco: hapakuwa na serikali iliyowafukuza wenyewe. Kanisa lenyewe ndilo lililoweka vitu vile, na misa yaendelea hatua chache tu kutoka hapo.

Ndugu yake Bagamoyo ni Masasi. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliofunguliwa utumwani, akipita Lindi, nia yake kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipoyafikia majabali ya Masasi walipendezwa na nchi, wakakaa papo hapo. Mwaka uliofuata akaja Padre Chauncy Maples. Lakini Septemba 1882, majuma machache baada ya kufa kwa Steere, Magwangwara walishuka kutoka Songea. Wakachoma kijiji, wakaua, wakachukua mateka. Fikiri ubaya wake: mtu amevuliwa mnyororo pwani, kisha afungwa tena mlangoni pa nyumba yake mwenyewe! Maples na baadhi ya watu wakapanda Newala kwa Matola, mkubwa wa Wayao, aliyewapokea. Baadaye Masasi ikakaliwa tena. Na mwaka 1905 ikachomwa mara ya pili. Ndiyo sababu hatuna nyumba ya kuwaonyesha wageni kama ile ya Bagamoyo.

Je, ni hasara? Naam, ni hasara, wala sipendi kuipunguza. Lakini watu wa nchi hii, Wamakonde na Wamakua na Wayao, wana desturi inayonifanya nifikiri. Wari hutawa, kwa maana kamili ya neno, ndani ya likumbi. Wakiisha kufundishwa, likumbi huchomwa moto, nao huambiwa wasigeuke kulitazama. Nyumba yateketea kusudi, na mafundisho hutoka na wari. Padre Vincent Lucas alilitambua jambo hili alipoanza jando la Kikristo mwaka 1913: hakutafuta kuhifadhi vitu vya jando katika kabati, bali alitaka mafundisho yenyewe yaendelee katika watu walio hai. Wako waliomlaumu, wengine wakisema amebatiza upagani, na wazee wengine wakisema amewanyang'anya jando lao. Lawama hii ya pili naiona nzito kuliko ya kwanza.

Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi, na Lucas akawa askofu wake wa kwanza. Kanisa kuu lasimama Mtandi, karibu na majabali yale yale waliyoyaona watu wa Steere, na milango yake hufunguliwa kwa ajili ya sala.