Amana ya Uwakilishi: Mahakama, Mawakili na Kura ya Raia katika Miji ya Jinja na Mbale, Uganda

Utangulizi

Maneno wakili, wakala na mwakilishi yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kumkabidhi mtu jambo alitende kwa niaba ya mwingine. Wakili humsemea mteja mahakamani, wakala hulinda kura za mgombea kituoni, na mwakilishi huketi bungeni kwa niaba ya waliomchagua. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayetenda kwa mamlaka yake mwenyewe. Kila mmoja ameshika amana. Makala hii inaitumia dhana hiyo ya amana kuchunguza nafasi ya mahakama na mawakili katika kulinda demokrasia mashariki mwa Uganda, hususani katika miji ya Jinja na Mbale. Hoja yake ni kwamba mahakama zimeweza kumzuia mwakilishi asijitwalie zaidi ya alichokabidhiwa, lakini zimesita au zimezidiwa nguvu kila swali lilipomfikia mkuu wa nchi mwenyewe.

Mawaziri Watano na Somo la 1966

Jinja, mji ulio mahali Mto Nile unapoanza safari yake kutoka Ziwa Viktoria, ulikuwa pia mji wa kambi ya jeshi. Januari 1964, miezi kumi na mitano tu baada ya uhuru, askari wa kambi hiyo waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kumzuilia waziri aliyehusika na ulinzi, Felix Onama. Uasi ulizimwa kwa msaada wa majeshi ya Uingereza, lakini mishahara ilipandishwa. Tangu hapo ilidhihirika kwamba wenye silaha wangeweza kusikilizwa haraka kuliko wenye hoja.

Somo hilo lilikamilika miaka miwili baadaye. Februari 1966 Waziri Mkuu Milton Obote aliamuru mawaziri watano wakamatwe wakiwa katika kikao cha baraza. Wawili kati yao walitoka mashariki: Mathias Ngobi wa Busoga, eneo ambalo Jinja ndiyo mji wake mkuu, na Balaki Kirya wa Budaka, karibu na Mbale. Wenzao walikuwa Grace Ibingira, Emmanuel Lumu na George Magezi. Mawakili wao waliomba amri ya kuwafikisha wafungwa mahakamani, na shauri likafika mbele ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Mahakama hiyo iliamua kwamba sheria ya kikoloni ya uhamisho wa lazima, iliyotumiwa kuwazuilia, haikuweza kutumika dhidi ya raia bila kukiuka haki ya uhuru wa mtu iliyolindwa na Katiba.

Kwa upande wa sheria, ushindi ulikuwa kamili. Kwa upande wa maisha yao, haukuwapa hata siku moja ya uhuru: walikamatwa tena papo hapo, safari hii kwa kanuni za hali ya hatari zilizokuwa zikitumika Buganda, nao wakabaki kizuizini hadi Januari 1971, Idi Amin alipompindua Obote. Mnamo Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitekwa ndani ya jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala na kuuawa. Katika kipindi hicho chote wakili aliendelea kuandika hati na jaji kuandika hukumu, bali hakukuwa na mtu wa kulazimishwa kuzitii.

Katiba ya 1995 na Mwenyekiti kutoka Mbale

Katiba ya 1995 ilikusudiwa kukata mzizi wa historia hiyo. Bunge la Katiba lililoijadili na kuipitisha liliongozwa na James Wapakhabulo, mwanasheria aliyesomea Dar es Salaam na mwanasiasa wa Mbale. Ibara yake ya 1 inatamka kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 126 inaongeza kuwa hata mamlaka ya kutoa haki hutoka kwao. Ibara ya 137 inamruhusu mtu yeyote kuifikia Mahakama ya Katiba akiamini kwamba sheria au tendo fulani linapingana na Katiba. Kwa vifungu hivyo, jaji naye aliingizwa katika orodha ya wenye kushika amana.

Kufuli mbili ziliwekwa mlangoni mwa Ikulu: mihula miwili, na umri usiozidi miaka 75. Kabla ya kufariki Machi 2004, Wapakhabulo alimwandikia Rais Yoweri Museveni barua ya kumshauri asiruhusu ukomo wa mihula uondolewe. Ushauri huo haukufuatwa. Kufuli ya kwanza ilivunjwa mwaka 2005. Iliyobaki ilikuwa ya umri.

Jinja Mashariki: Kiti Kimoja, Chaguzi za Marudio

Ili kuona mahakama zikifanya kazi zinayoiweza, yafaa kutazama jimbo la Jinja Mashariki. Mashauri ya viti vya ubunge nchini Uganda huanzia Mahakama Kuu na kukomea Mahakama ya Rufaa. Baada ya uchaguzi wa 2011, Paul Mwiru wa chama cha upinzani cha FDC alipinga ushindi wa Nathan Igeme Nabeta wa chama tawala cha NRM. Matokeo yakabatilishwa, na Mwiru akashinda uchaguzi mdogo wa 2012. Mvutano uleule ulirudi baada ya uchaguzi wa 2016. Shauri likaenda mahakamani tena, uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 15 Machi 2018, na Mwiru akashinda tena.

Mashauri ya namna hii hayana mbwembwe. Hushindwa au kushindiliwa kwa fomu za matokeo, sahihi za mawakala, na viapo vya mashahidi wa kijijini. Lakini ndiyo yanayomwonyesha mpiga kura kwamba karatasi aliyoitumbukiza sandukuni inaweza kufuatwa hadi mwisho wake. Udhaifu wake ni muda: wapiga kura wa Jinja Mashariki walisubiri takriban miaka miwili ya muhula wa miaka mitano kabla ya swali la nani ni mwakilishi wao kumalizika.

Mbale 2018: Nusu ya Kufuli

Chini ya mwezi mmoja baada ya uchaguzi huo wa Jinja, tarehe 9 Aprili 2018, Mahakama ya Katiba iliketi Mbale, chini ya Mlima Elgon, kusikiliza malalamiko matano dhidi ya mabadiliko ya Katiba. Mswada uliozaa mabadiliko hayo uliletwa na mbunge Raphael Magyezi. Mnamo Septemba 2017 askari waliingia ndani ya Bunge na kuwatoa wabunge waliokuwa wakiupinga kwa nguvu. Tarehe 20 Desemba ulipitishwa kwa kura 317 dhidi ya 97. Uliondoa ukomo wa umri wa rais. Na humohumo, wabunge wakajiongezea muhula kutoka miaka mitano hadi saba.

Walalamikaji walikuwa wa aina mbalimbali: Chama cha Wanasheria cha Uganda, wabunge wa upinzani waliotetewa na mawakili akiwemo Erias Lukwago, Meya wa Kampala, na Male Mabirizi, raia aliyesimama mwenyewe bila wakili. Tarehe 26 Julai 2018, kwa muda wa siku nzima, majaji watano walisoma hukumu zao hapo Mbale. Wote walikataa nyongeza ya muhula wa wabunge. Wanne waliacha kuondolewa kwa ukomo wa umri kusimama. Jaji Kenneth Kakuru peke yake alitaka sheria yote ibatilishwe. Tarehe 18 Aprili 2019 Mahakama ya Juu iliidhinisha uamuzi wa Mbale kwa majaji wanne dhidi ya watatu.

Wengi waliita hukumu hiyo kushindwa, na kwa swali la urais walikuwa na haki. Museveni, aliyezaliwa mwaka 1944 kwa kumbukumbu rasmi, asingeruhusiwa kugombea tena kama kufuli ya umri ingebaki. Hata hivyo nusu nyingine ya hukumu si jambo dogo. Mwakilishi aliyepewa amana ya miaka mitano hakuruhusiwa kuigeuza ya miaka saba bila kumrudia mwenye mali. Kama sehemu hiyo ingesimama, Bunge lililochaguliwa 2016 lingeendelea hadi 2023. Wananchi wa Jinja na Mbale walipanga foleni kupiga kura tarehe 14 Januari 2021 kwa sababu mahakama ilisema hapana.

Lugha ya Hukumu

Linabaki swali linalowahusu wanazuoni wa lugha. Ibara ya 28 ya Katiba inamtaka mshtakiwa wa jinai aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa. Haisemi lolote juu ya raia ambaye muhula wa mbunge wake unajadiliwa. Hukumu ya Mbale ilisomwa kwa Kiingereza katika mji ambao sokoni husikika Kimasaba na Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilitambuliwa mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini kwa Waganda wengi bado kinabeba kumbukumbu ya kambi na vizuizi vya barabarani: ni lugha waliyoamriwa nayo, si lugha waliyotetewa nayo.

Hitimisho

Historia ya miji hii miwili haithibitishi kwamba mahakama ni ngome isiyovunjika. Mwaka 1966 hukumu sahihi haikuwafungulia mlango Ngobi na Kirya. Mwaka 2018 ilimfungia mbunge mlango na kumwachia rais wake wazi. Inachothibitisha ni kwamba mahakama hupata nguvu pale raia, wakili na jaji wanapokumbuka kuwa mwenye amana ni mwingine. Mwenye amana huyo anastahili kuelewa kilichoamuliwa kwa niaba yake. Kutafsiri mihtasari ya hukumu za kikatiba na za uchaguzi kwa Kiswahili, Kisoga na Kimasaba, kwa istilahi zilizofanyiwa kazi na wanaisimu pamoja na wanasheria, ni kazi inayoweza kuanza sasa, na hukumu ya Mbale ingefaa kuwa ya kwanza.