Zeze na Uzi wa Katani

Miaka kadhaa baada ya vita vya Burundi vya 1993, nikisafiri kutoka Kasulu kwenda Kibondo, nilimkuta mzee kando ya soko akipiga zeze la uzi mmoja. Alikuwa Mrundi, mkimbizi. Waha waliomzunguka wakimfahamu bila ya mkalimani, kwani Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Zeze lake aliliita indingidi. Mimi mtu wa visiwani, niliyelelewa na fidla za taarabu, nilijiuliza uzi mmoja utasema nini. Nikasimama kwa adabu tu. Saa nzima ikapita sijaondoka.

Chombo chenyewe ni mzinga mdogo wa mti uliowambwa ngozi, ukapitishwa kijiti. Uzi ni wa katani, na upote wa upinde nao ni wa katani, hupakwa utomvu ili ushike. Vidole haviukandamizi uzi mpaka kwenye mti kama tufanyavyo kwenye fidla. Huugusa tu hewani. Ndiyo maana sauti yake hukaribia sana koo la binadamu.

Tumezoea kuviita vyombo kama hivi "vya asili", kana kwamba viliumbwa pamoja na milima. Zeze la namna hii lilijitokeza Buganda mwanzoni mwa karne ya 20, likasambaa hadi Rwanda na Burundi. Na katani je? Mmea huo uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kutoka Florida. Miche iliyofika hai ilikuwa 62. Reli nayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Basi chombo, uzi na reli ni vya rika moja.

Nyanda hizi za juu zinaijua katani kwa uchungu zaidi ya muziki. Kasulu na Kibondo zilifanywa hazina ya vibarua: manamba walichukuliwa huko wakakate mkonge Tanga na Morogoro, na tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwasaka, SILABU. Kijana aliitwa kwa namba. Jina lake lilibaki nyumbani.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Hukwe Zawose, Mgogo wa Doduma, mpiga zeze na marimba, mtunzi na mwimbaji mwenye sauti ya ajabu. Zeze la Wagogo si indingidi: hufanywa kwa kibuyu na lina nyuzi zaidi ya moja, na Zawose aliliongezea nyingine. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981. Kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa Chibite mwaka 1996. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Disemba 2003, na magazeti ya London yakamwandikia tanzia. Alistahiki, tena zaidi. Lakini tusijidanganye kwamba kipaji pekee ndicho kilichomfikisha huko. Dola ilimsikia, kisha studio ikamsikia. Dodoma ipo kati ya nchi. Kibondo ipo mpakani, na wa mpakani aghalabu husikilizwa na polisi wa uhamiaji.

Mzee wa Kasulu aliponyamaza nilimwuliza, "Mzee, wimbo huu ni wa nani?"

Akanitazama kama aliyeulizwa shati alilovaa ni la nani. "Wangu. Nimeutunga kambini."

Nilikuwa na daftari. Niliandika maneno aliyonieleza, nikachora zeze, nikapima urefu wa upinde kwa shubiri. Basi likapiga honi, nikakimbia. Daftari lile ninalo hadi leo. Mchoro upo, shubiri zipo, tarehe ipo. Jina la mtunzi sikuandika.