Shanga zilikuwa pesa hapa Mweru

Vijana wenzangu, bangili ya shanga tunayotunga nyumbani hapa Mantapala ni kazi rahisi. Unapima mkono, unakata uzi wa nailoni kama ule wa kuvulia samaki, unapanga rangi, unatunga, unafunga mafundo mawili. Lakini shanga zenyewe zina historia nzito.

Zamani huku hakukuwa na kwacha wala faranga. Shanga za kioo, nyingi zikitoka Venice kule Italia, zilishushwa Zanzibar. Halafu wapagazi walizibeba kwa miguu, miezi na miezi, mpaka kwa Mwata Kazembe, kusini ya ziwa letu. Livingstone alipofika kwa Kazembe Novemba 1867, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshamtangulia. Kwa shanga na nguo watu walinunua chakula, walinunua pembe za ndovu. Walinunua binadamu pia, yaani watumwa.

Ndiyo maana mtu akisema "ni shanga tu", mimi nakataa.

Wengi wetu tulivuka mpaka kutoka Kongo mwaka 2017 na baadaye, mikono mitupu. Leo dada anatunga bangili, anauza, ananunua chumvi na sabuni. Shanga hainunui tena mtu, inamsaidia kuishi. Basi ukitaka bangili, uwe jirani au mfanyakazi wa shirika, usishushe bei mpaka ukalipa uzi peke yake. Lipa na mikono iliyotunga.