Njia ya Ujiji, njia ya Boma

Januari 1894 Kabambare, mji wa mashariki mwa Kongo, ilibadilishiwa bahari. Hadi wakati huo pembe za ndovu zilizofungwa mizigo hapa zilitoka zikielekea mawio: mabegani mwa wapagazi mpaka Mtowa, kwa mashua mpaka Ujiji, kisha Tabora, Bagamoyo na mwishowe Unguja. Hubert Lothaire, afisa Mbelgiji wa Dola Huru ya Kongo, alipoingia Kabambare na askari wake, pembe zilezile ziligeuzwa uso. Zikaambiwa zifuate Mto Kongo, zishuke machweo hadi Boma, zipakiwe meli ziende Ulaya. Hakuna aliyewauliza Wabangubangu, wenyewe wa nchi, kama wanapendelea bahari hii au ile. Wala Waungwana, wafanyabiashara waliotoka pwani, hawakuwauliza walipokuja.

Siku hizi mabishano ya bahari yamerudi kwa jina jingine: je, Kongo itoke katika Jumuiya ya Afrika Mashariki? Kinshasa huyazungumza kama jambo lililoanza juzi. Kwetu kusini mwa Maniema, ambako misikiti ya Kasongo na lugha hii tunayoitumia kugombana vyote vilifika kwa njia ya Ujiji, ni ugomvi wenye mvi.

Rais Félix Tshisekedi aliomba uanachama mwaka 2019. Tarehe 29 Machi 2022 wakuu wa nchi walikubali, na Aprili 8 akatia saini Nairobi. Sifa zilikuwa nyingi: watu karibu milioni 90 wanaongezwa sokoni, na jumuiya sasa inagusa Bahari ya Hindi na Atlantiki. Juni 13 waasi wa M23 wakaiteka Bunagana, kwenye mpaka wa Uganda. Julai 11 Kongo ikawa mwanachama kamili. Kati ya saini na kiti tulikuwa tumepoteza mji, na serikali yetu ilimtaja wazi aliyesimama nyuma ya waasi: Rwanda, mwanachama mwenzetu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa nao wakaja kuandika hivyo hivyo. Kigali ikakanusha.

Tangu hapo hoja ya kutoka haikukosa kuni. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2018, alipinga hadharani mpango wa kuleta majeshi ya jumuiya, akisema baadhi ya wanaoitwa kuzima moto ndio waliouwasha. Wakenya walitua Goma Novemba 2022 hata hivyo. Februari 2023 huko Bujumbura kamera zilimnasa Tshisekedi akimwonya kamanda wa kikosi hicho, Jenerali Jeff Nyagah, asiwapendelee M23. Siku chache tu zikapita, vijana wa Goma wakajaa barabarani kudai kikosi kipigane au kiondoke. Kiliondoka Desemba 2023, na nafasi yake ikashikwa na askari wa SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika. Mwezi huohuo Corneille Nangaa, aliyekuwa mkuu wa tume yetu ya uchaguzi, alizindua Nairobi muungano wake na M23. Kinshasa ikawaita nyumbani balozi wake wa Kenya na yule aliye Tanzania, kwenye makao ya jumuiya.

Halafu Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23. William Ruto, mwenyekiti wa jumuiya wakati huo, aliitisha kikao cha dharura tarehe 29, lakini Tshisekedi hakutokea. Siku hiyohiyo Mali, Burkina Faso na Niger zilikamilisha kutoka kwao ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi. Waliokuwa wakipiga kelele za kutoka hawakuhitaji tena kutafuta mfano mbali. Wengi wao walisema neno moja lisilo na fumbo: huwezi kula sahani moja na anayekuvunjia mlango.

Wanaotaka tubaki hawana ghadhabu ya namna hiyo, na pengine ndiyo maana husikika kidogo. Wao hutaja bandari ya Dar es Salaam, hutaja benki za Kenya zilizonunua benki zetu, Equity ikiichukua BCDC mwaka 2020 na KCB ikiichukua TMB mwaka 2022. Hutaja pia kwamba anayetoka barazani humwachia hasimu wake aseme peke yake. Hoja hii ina uzito kuliko inavyopewa. Serikali ileile iliyosusia kikao cha dharura ilimshtaki Rwanda katika Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, na kesi ilisikilizwa Septemba 2024. Ukitoka nyumbani, kesi yako unamwachia nani?

Huku kwetu mabishano haya yana ladha nyingine. Mwenye duka Kabambare hutazama ziwa: Baraka, Uvira, Kalemie. Chumvi, sabuni, vitenge, bati na vipuri vya pikipiki hupanda kutoka huko kwa barabara ambayo wakati wa mvua huwa mfereji. Dhahabu ya machimbo ya Salamabila nayo, ile isiyopita mikononi mwa serikali, haiendi Kinshasa. Mkataba ukivunjwa kesho, pikipiki zitaendelea kupanda mlima uleule. Kitakachobadilika ni jina la anayekusanya kodi njiani.

Watu wa Kasongo wa karne ya kumi na tisa walilijua hilo, na waligawanyika juu yake baba na mwana.

Baba ni Hamed bin Muhammed, Tippu Tip. Februari 1887, Unguja, alipatana na mpelelezi Stanley awe wali wa Maporomoko, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, akiwa chini ya bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwenye Dola Huru. Wengi waliona ameuza bara. Yeye katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili anaeleza kwamba Sultani Barghash wa Unguja mwenyewe alikuwa amekwisha kulikatia bara tamaa, maana Wazungu walikuwa wakitaka kumnyang'anya hata Unguja. Hesabu ya mzee haikuwa ya kijinga. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na Wajerumani wakaishika Tabora. Ile jumuiya ya zamani, iliyokuwa na sultani, Wahindi wa kukopesha na misafara ya wapagazi, ilikuwa ikifa kuanzia kichwani.

Mwana ni Sefu, aliyebaki Kasongo baba yake alipoondoka. Kwake kubaki na njia ya mashariki ilikuwa heshima kwanza, biashara baadaye. Alikuwa na sababu. Septemba 1891 Leopold alitoa amri ya siri iliyofanya pembe na mpira kuwa mali ya dola. Mshirika wa kibiashara alikuwa amegeuka mwenye shamba. Mwaka 1892 Ngongo Lutete, jemadari mweusi aliyepigania Waungwana kwa miaka, alihamia upande wa Wabelgiji. Sefu alidai arudishwe, akakataliwa, vita vikaanza.

Kuna kisa kimoja cha vita hivyo ambacho Wabelgiji walikitengenezea sanamu kwao, na mimi sikichoki ijapokuwa si chetu. Dola ilikuwa na maafisa wawili Kasongo, Lippens na msaidizi wake De Bruyne, wakawa mateka. Novemba 1892 De Bruyne aliletwa ukingoni mwa mto Lomami azungumze na wenzake waliokuwa ng'ambo. Wakamsihi ajitupe majini, wao watamlinda kwa bunduki. Akakataa, kwa kuwa mkubwa wake alikuwa mgonjwa Kasongo. Akarudi. Wote wawili waliuawa kabla ya mwaka kwisha.

Nyangwe iliangukia mikononi mwa dola Machi 1893, Kasongo Aprili 22. Sefu alikufa katika vita hivyo. Rumaliza wa Ujiji alikuja na msaada kutoka ziwani, akapigwa, na Kabambare ikafuata. Na Ngongo Lutete, aliyehama kambi kwa wakati mzuri kuliko wote? Septemba 1893 maafisa wa dola walimpiga risasi huko Ngandu kwa tuhuma za usaliti, baada ya kumtumia mpaka Kasongo. Mzee Tippu Tip alifia kitandani Unguja mwaka 1905.

Walio jirani wana visa vyao vya kutoka, vya wino na si vya baruti. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, wafanyabiashara wake wakilalamika kwamba wanafungiwa masoko, serikali ikisema SADC na Afrika Mashariki zinatosha. Kongo imebaki COMESA hadi leo, pamoja na SADC na jumuiya ya Afrika ya Kati. Rwanda iliiacha jumuiya hiyo ya Kati mwaka 2007, ikarudi, na Juni 2025 huko Malabo ikatangaza kuiacha tena, ikilalamika kwamba imenyimwa zamu ya uenyekiti kwa shinikizo la Kongo. Hapo sisi ndio tuliobaki mezani, na yeye ndiye aliyeinuka. Sikusikia mtu Kinshasa akisema siku hiyo kwamba kukaa ni aibu.

Mlango wa Arusha, makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, una kufuli yake. Kifungu cha 145 cha mkataba wa 1999 kinataka bunge la nchi inayotoka liamue kwa theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria, kisha nchi itoe notisi ya maandishi ya miezi kumi na miwili. Bunge letu lina viti 500, kwa hiyo ni kura 334. Na katika miezi hiyo kumi na miwili wajibu wote unaendelea, pamoja na michango. Kongo imekuwa na malimbikizo makubwa ya michango hiyo, kwa hiyo tunajadili kuihama nyumba ambayo kodi yake hatujalipa. Goma ilianguka, Bukavu ikafuata Februari 2025, na notisi haikuandikwa.

Wabelgiji nao walikuwa na notisi yao. Baada ya kuifunga njia ya Ujiji kwa mizinga walijenga reli kufuata mto, lakini kufikia 1915 reli hiyo ilikuwa imekunja kona na kufika ziwani, Albertville, ndiyo Kalemie. Mwaka uliofuata majeshi yao yaliingia Kigoma na Tabora, na vita vilipokwisha hawakutaka kuondoka mikono mitupu. Kwa mapatano ya Machi 1921 Waingereza waliwakodisha viwanja vya bandari Kigoma na Dar es Salaam ili mizigo ya Kongo itokee Bahari ya Hindi. Watu wa Dar wakapaita Belbase. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka.