Akihabara, Soko Lililozaliwa na Mabaki

Wengi wetu tusikiapo neno historia hufikiri mara moja habari za wafalme, majemadari na mikataba. Hatukosei, walakini twasahau kwamba hata kipande cha waya wa shaba kina historia yake, na pengine historia hiyo ina mafunzo mengi kuliko ya jemadari. Katika insha hii nataka tufuatane, ewe msomaji, mpaka mji wa Tokyo katika nchi ya Japani, tukaone jinsi watu walioshindwa vitani walivyokusanya vipuri vya mitambo isiyo na kazi tena, wakavipanga, na kwa kazi hiyo wakaanzisha soko lililopata sifa duniani kote.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi, 1945, ndege za Marekani ziliumwagia mji huo mabomu ya moto. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Watu wapatao 100,000 walikufa, na zaidi ya milioni moja wakabaki bila makao. Tarehe 15 Agosti ya mwaka uo huo, Mfalme Hirohito aliwatangazia raia wake kwa redio kwamba vita vimekwisha. Tafakari jambo hilo. Habari kubwa kupita zote ilifika kwa redio, na baada yake watu walikuwa na njaa ya habari kama walivyokuwa na njaa ya wali. Kila mtu alitaka kujua chakula kitagawanywaje, na askari walioko ng'ambo watarudi lini. Lakini redio zilizonusurika zilikuwa chache, na nyingi katika hizo zilikuwa mbovu.

Mwaka huo huo fundi mmoja aitwaye Masaru Ibuka alifungua karakana ndogo ndani ya duka kubwa la Shirokiya, katika mtaa wa Nihonbashi. Yeye na wenzake walitengeneza redio zilizoharibika. Tena, kwa kuwa serikali ya wakati wa vita ilikuwa imewakataza raia kusikiliza mawimbi mafupi, waliunda kifaa cha kuiwezesha redio ya kawaida kuyapokea. Rafiki yake Akio Morita akajiunga naye, na mwezi wa Mei, 1946, wakaanzisha kampuni ambayo mwaka 1958 ilijiita Sony. Basi ukubwa wote ule ulianza kwa kufungua redio mbovu na kutafuta kipande gani kimekufa na kipi kingali hai.

Wakati Ibuka akifanya kazi yake, upande wa Kanda, karibu na stesheni ya Akihabara, watu wengine walikuwa wakitandaza bidhaa zao kando ya barabara. Jirani na hapo palikuwa na chuo cha ufundi wa umeme. Wanafunzi wake walijua kuunda redio, na redio waliyoiunda iliuzwa upesi kuliko andazi la moto. Habari hizo zilipoenea, wachuuzi wa mahali hapo wakaacha bidhaa nyingine, wakashika vipuri. Navyo vilitoka wapi? Vingi vilitoka katika akiba za jeshi lililovunjwa: valvu za kioo, nyaya, na mitambo ya kupelekea habari ambayo haikuwa na askari wa kuitumia. Tena redio mpya za viwandani zilitozwa kodi nzito. Kwa hiyo mtu aliyenunua vipuri akaiunda mwenyewe alipata nafuu kubwa.

Hapa yafaa tusimame kidogo tujiulize: je, mali ya wachuuzi wale ilikuwa nini hasa? Wengine watajibu kwamba ni vile vipuri. Mimi naona jibu hilo ni nusu tu. Rundo la vipuri vilivyochanganyika halimfai mtu. Ni takataka zenye bei ya chuma chakavu. Thamani huja kwa kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kutambua. Chukua rezista, yaani kile kipande kidogo kama punje ya mtama kinachopunguza nguvu ya umeme. Mwili wake una mistari ya rangi, na kila rangi ni tarakimu: nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Mistari miwili ya kwanza hutoa tarakimu, na wa tatu huonyesha idadi ya sufuri za kuongeza. Ukiona manjano, zambarau na nyekundu, basi ni 47 na sufuri mbili, yaani omu 4,700. Asiyejua huona urembo; ajuaye husoma.

Kazi ya pili ni kupima, kwa maana kipuri chaweza kuwa kizima kwa sura na kikawa kimekufa kwa ndani. Kazi ya tatu ni kupanga: kila aina katika kikasha chake, na kila kikasha na jina lake, hata anayetafuta kitu kimoja asihangaike katika elfu. Kipuri kisichoweza kupatikana siku ya haja ni sawa na kipuri kisichokuwapo.

Mwaka 1949 watawala wa Kimarekani waliamuru vibanda vyote vya barabarani viondolewe Tokyo. Amri hiyo ingaliweza kuliua soko. Badala yake wachuuzi walihamia chini ya reli ya Akihabara, katika vyumba vyembamba visivyoenea hata kunyosha mikono. Wembamba ule uliwashurutisha kupanga vizuri zaidi. Huyu aliuza swichi tu, yule nyaya tu, mwingine valvu tu. Na soko zima likawa kama kabati moja kubwa lenye vikasha mia.

Vyombo navyo vilibadilika. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ilichukua nafasi ya valvu. Paul Eisler, mzaliwa wa Austria aliyekimbilia Uingereza, alikuwa amekwisha buni njia ya kuchora nyaya za shaba juu ya ubao mmoja. Ubao huo ndio tuuonao leo ndani ya redio, simu na kompyuta, na vipuri vyake hushikizwa kwa lehemu. Lehemu ya kale ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi, nayo huyeyuka kwa joto la nyuzi 183 za sentigredi au zaidi kidogo. Mwenye chuma cha kulehemu na subira aweza kukitoa kipuri bila kukiumiza.

Lakini kuna upande mwingine wa habari hii, na historia ya kweli haifichi. Katika mji wa Guiyu, kusini mwa China, tangu miaka ya 1990 mbao za namna hiyo zililetwa kwa malori kutoka nchi tajiri. Mafukara walizichoma juu ya makaa ili lehemu iyeyuke, wakaziloweka katika asidi ili wapate chembe za dhahabu. Moshi ukaingia vifuani, asidi ikaingia mitoni, na waganga walipopima damu ya watoto wa mji huo walikuta risasi nyingi mno. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 ulikuwa umekusudia kuzuia nchi zisitupiane taka za sumu, walakini biashara ile ilipita pembeni. Haikuwa mpaka mwaka 2015 ndipo serikali ilipohamisha karakana zile katika eneo maalumu lililotengwa.

Linganisha miji hii miwili. Vipuri ni vile vile, na mikono ni ya watu wale wale wenye haja. Tofauti ni kwamba Akihabara kipuri kilithaminiwa kwa kazi kiwezayo kufanya, na Guiyu kilithaminiwa kwa madini yake tu, hata uhai wa mfanyakazi ukawa rahisi kuliko dhahabu.

Yawezekana basi kupata madini bila kuua watu? Japani ilijibu. Kati ya Aprili 2017 na Machi 2019, wananchi walitoa simu na vyombo vingine vya zamani, vikapelekwa viwandani. Humo zilipatikana kilo 32 hivi za dhahabu na kilo 3,500 hivi za fedha, na kwa madini hayo zilitengenezwa medali zote 5,000 hivi za Michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Eliud Kipchoge na Peres Jepchirchir waliposhinda mbio za marathoni, medali walizovikwa zilikuwa simu za kale za wenyeji wao.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na katika hizo hata robo haikuthibitishwa kuwa imekusanywa ipasavyo. Mwaka huo Kenya ilitunga sheria ya kusimamia taka, inayomdai mtengenezaji ajibu kwa chombo chake hata baada ya kuharibika. Nao mafundi wetu wa jua kali, na wale wa Luthuli Avenue mjini Nairobi, wanafanya kila siku kazi ya Akihabara.

Ukitamani kuifanya nawe, anza na chombo kidogo kinachotumia betri, madirisha yakiwa wazi, wala usichome ubao kamwe. Usifungue televisheni ya zamani, kwani umeme hukaa ndani yake hata ikiisha kuchomolewa. Pata vikasha, andika majina juu yake, nawa mikono kabla ya kula. Wazee walinena, usitupe mbachao kwa msala upitao. Watu wa Tokyo hawakuwa na msala wala mbacha. Walikuwa na nyuzi tu, na kwa nyuzi hizo wakasuka upya.