Kadi iliyouzwa ikiwa imefungwa nusu

Agosti 2002 kampuni ya ATI ya Kanada iliingiza sokoni kadi ya grafiki iliyowatoa jasho wapinzani wake wote, Radeon 9700 Pro. Chipu yake, R300, ilikuwa na transista zaidi ya milioni 100, mikondo minane ya kuchora pikseli na njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 256. Bei ilikuwa dola 399 za Marekani. Kabla mwaka haujaisha akatoka mdogo wake, Radeon 9500, kwa bei isiyofika dola 200 na mikondo minne tu. Walionunua toleo la megabaiti 128 wakaifungua kompyuta, wakaitazama kadi, wakashtuka. Vipande vya kumbukumbu vilikuwa vimepangwa kwa umbo la herufi L kuizunguka chipu, sawasawa na kwenye 9700. Ubao ni uleule. Chipu ni ileile. Hata kasi ya saa, megahezi 275, ililingana na ya 9700 ya kawaida isiyo Pro. Ile mikondo minne mingine ilikuwamo ndani, imezimwa.

Kilichoizima kilikuwa kirezista kidogo mno juu ya kifungashio cha chipu. Draiva ilikisoma, ikajua hii ni 9500, ikafunga nusu ya mikondo. Wa kwanza kuifungua walikihamisha kirezista hicho kwa kulehemu, kazi ya mkono usiotetemeka. Haikuchukua muda njia rahisi zaidi ikapatikana. RivaTuner, programu ya bure iliyoandikwa na Mrusi Alexey Nicolaychuk, ikaanza kuja na hati ya kuirekebisha draiva yenyewe ili isijali kirezista kinasema nini. Unabofya, unawasha upya kompyuta, na kadi ya bei ya chini inaamka ikiwa 9700. Ukiikimbiza kidogo kuelekea megahezi 325, unaikaribia Pro.

Si kila mtu alibahatika. Kwa wengine picha ilijaa vimiraba vilivyopishana skrini nzima, dalili kwamba mikondo iliyofungwa ilikuwa mibovu kweli. Hapo ndipo siri ya biashara hii ilipo. Chipu nyingi huchongwa kwenye sahani moja ya silikoni, lakini kama mikate ya tanuri moja, haziivi sawa. Yenye kasoro sehemu moja haitupwi. Sehemu hiyo huzimwa, na chipu ikauzwa kwa jina la chini. Tatizo ni kwamba wateja wa kadi za bei nafuu ni wengi kuliko kasoro. Kasoro zikiisha, kiwanda huchukua chipu nzima kabisa na kuzifunga ili rafu zisikae tupu. Mnunuzi hakujua amepata ipi mpaka ajaribu, na nadhani bahati nasibu hiyo ndiyo iliyoufanya mchezo uwe mtamu.

Tamaa ya kukimbiza kadi ilikuwa ya zamani kuliko hapo. Voodoo ya kampuni ya 3dfx, iliyotoka 1996, ilikwenda megahezi 50, na waliotaka zaidi waliongeza mstari mmoja kwenye faili la autoexec.bat, SST_GRXCLK, na kuandika namba wanayoitaka. Chipu ilipata moto, basi watu wakaibandika bamba la kupozea na feni. Baadaye wakaja wa penseli: ukipaka risasi ya penseli juu ya rezista fulani, ukinzani wake unashuka, saketi ya umeme inadanganyika na kuipa chipu volti zaidi. Ukikosea unafuta kwa ufutio, ikiwa kadi bado iko hai. Wenye wazimu zaidi walimimina naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ili washike rekodi za dakika chache. Hao ni wanamichezo. Kadi zao hazikutumika kwa gemu la jioni.

Mtindo wa kufungua kilichofungwa uliendelea. Mwaka 2004 Nvidia iliuza GeForce 6800 LE yenye mikondo 8 kati ya 16, na RivaTuner ikaigeukia hiyo pia. Desemba 2010 AMD, ambayo ilikuwa imeinunua ATI mwaka 2006, ilitoa Radeon HD 6950 kwa dola 299 na 6970 kwa dola 369. Kwenye 6950 kulikuwa na swichi ndogo ya kuchagua kati ya BIOS mbili, yaani programu ndogo inayoiongoza kadi, kwa hiyo mtu aliandika BIOS ya 6970 kwenye moja, na ikiharibika anarudi kwenye nyingine. Vitengo vya hesabu vikapanda kutoka 1408 hadi 1536 bila senti ya ziada. Ni vigumu kuamini wahandisi walioiweka swichi ile hawakujua watu watafanya nini nayo. Shehena za baadaye zilikuja zimefungwa kwenye chipu kwenyewe, na kufuli la namna hiyo BIOS haiwezi kulifungua.

Lakini kilichomaliza neema hii hakikuwa kufuli. Machi 2012 Nvidia ilitoa GTX 680 yenye teknolojia ya GPU Boost: kadi inapima umeme inaoutumia na joto lake, kisha inajikimbiza yenyewe kutoka megahezi 1006 hadi 1058 na mara nyingi kupita hapo. Akiba waliyokuwa wakiichimbua wapenzi kwa usiku mzima, kiwanda sasa kinaichukua chenyewe na kuiweka kwenye bei.

RTX 4090 ya mwaka 2022 inatoka kiwandani ikiwa na ruhusa ya kula wati 450. Wanaoichezea leo hufungua MSI Afterburner, programu nyingine ya Nicolaychuk, na wengi wao huivuta chini: wanapunguza volti na wati, wanapoteza sehemu ndogo tu ya kasi, na feni zinanyamaza.